Naomba ushauri: kumpeleka mama mto Shinano, Japani

Habari zenu wakuu. Nasoma Tokyo, na mama anakuja kunitembelea mwakani. Natamani sana aone mto Shinano, mrefu kuliko yote Japani, kilomita 367. Ukiwa bado mkoani Nagano huitwa Chikuma. Oktoba 2019, kimbunga Hagibis kilipopita, tuta lake lilibomoka na maji yakaingia hadi kwenye treni za mwendokasi zilizoegeshwa. Kwa hiyo Oktoba naiogopa, ingawa majani ya milimani yanapendeza. Mei, kwenye mji wa Iiyama, mkoani humo humo Nagano, kuna mashamba ya maua ya manjano karibu na mto. Nimeangalia ratiba ya treni inayoufuata mto huo: ni chache, na mama magoti yanamsumbua.

Mliofika, Mei au Oktoba? Na tulale Iiyama au Nagano mjini?