Mjadala: Zana za kuandikia programu ni za wataalamu peke yao?

Mleta mada:
Wakuu, tulijadili hili bila kuoneana haya. Naona mtu anayetaka kuandika programu ndogo ya matumizi yake amesahauliwa: mwalimu anayetaka kujumlisha alama za darasa, mwenye duka anayefuatilia madeni.

Zamani alikumbukwa. Lugha ya kuandikia programu ya BASIC ilipoanza mwaka 1964 katika chuo cha Dartmouth, Marekani, John Kemeny na Thomas Kurtz walitaka hata wanafunzi wasiosoma sayansi waitumie. Ikaja Visual Basic 6 (VB6), zana ya Microsoft, mwaka 1998: unaburuta kitufe hadi kwenye fomu, unakibofya mara mbili, unaandika mstari mmoja, unabonyeza F5, kinafanya kazi. Leo fungua Android Studio, zana ya Google ya kuandikia programu za simu. Kabla hujakigusa kitufe, Gradle, kifaa chake cha kuunda programu, inapakua mafaili na bando linakatika, tena Google wenyewe wanataka RAM isiyopungua GB 8. Laptop za mtumba tunazonunua wengi wetu hazifiki huko.

Mchangiaji:
Mkuu, hapo sikubaliani nawe. Zana za bure zimejaa, App Inventor, ya kutengenezea programu za simu, ipo tangu 2010. Halafu urahisi una hasara zake: asiyejua kazi anahifadhi nywila za wateja zikiwa wazi kwenye faili. Zikiibwa, anayeumia ni mteja.

Mleta mada:
Hoja ya nywila ni nzito, naipokea. Ila hiyo ni kazi ya zana: njia salama ndiyo iwe njia rahisi, mtu asilazimike kuitafuta.

Kuhusu bure, bei si kikwazo pekee. Microsoft walitoa matoleo ya Express ya zana zao mwaka 2005, yakawa ya bure. Lakini VB6 walikuwa wameshaipa kisogo, na kuhamia VB.NET, lugha iliyochukua nafasi yake, kulimaanisha kuandika upya sehemu kubwa ya kazi. Kampuni italipa watu wa kufanya hivyo. Anayeandika programu usiku baada ya kufunga duka anaachana nayo tu.

App Inventor naipenda kwa dhati. Unaunganisha vipande vya amri kwenye skrini badala ya kuandika, na simu yako inaonyesha mabadiliko papo hapo. Tatizo linakuja programu ikikua: vipande vinajaa skrini nzima, na huwezi kuvigeuza kuwa msimbo wa Java ukaendelea nao kwingine. Ninachodai ni daraja la kuvuka kutoka hapo, tena kwenye mashine dhaifu.

Sasa nijibu, mkuu: mwenye duka mwenye laptop ya GB 4 na programu iliyomfikisha ukomo wa vipande, ungemwambia aende wapi?