Tupeane uzoefu: Ni maandamano gani ya amani yaliyokubadilisha mawazo wewe uliyekuwa ukitazama tu?

Mwalimu Mstaafu (Nakuru)

Ndugu zangu, hamjambo. Waliowahi kuandamana tumewasikia sana, lakini waliosimama kando hatuwasikii: mwenye duka aliyeshusha mlango nusu, abiria aliyekwama ndani ya matatu, mzazi aliyetazama taarifa ya habari bila kusema neno. Kwa maoni yangu hao ndio wenye uamuzi, kwa sababu serikali hupima kwanza watu walio kimya wameegemea wapi kabla ya kuwashughulikia waliobeba mabango. Naomba kila mmoja aeleze alichokiona na kile hasa kilichomgeuza. Nianze mimi.

Mwaka 1992 nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, na habari za wafungwa wa kisiasa zilizungumzwa kwa kunong'ona. Wengi wetu tuliamini, au tulijitia kuamini, kwamba aliyefungwa kwa uchochezi hakosi kuwa na lake. Tarehe 28 Februari mwaka huo, kina mama wa wafungwa hao pamoja na Profesa Wangari Maathai walikwenda kwa Mwanasheria Mkuu kudai wana wao waachiliwe, kisha wakapiga kambi kwenye pembe ya Uhuru Park jijini Nairobi na kuanza mgomo wa kutokula. Wengi wao walikuwa wazee wa mashambani, wenye vilemba na leso, ambao ungepata taabu kumshawishi mtu yeyote kwamba ni wachochezi. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa rungu na vitoa machozi, Maathai akapigwa hadi akazirai, na baadhi ya kina mama wakavua nguo mbele ya askari waliokuwa na umri wa watoto wao.

Katika chumba chetu cha walimu alikuwamo mwana-Kanu (chama tawala wakati huo) wa kufa na kupona, ambaye beji ya chama haikumtoka kifuani. Asubuhi iliyofuata alilisoma gazeti hadi mwisho, akalikunja, akauliza, "Mama mzee afikishwe hapa kwa kosa gani?" Hakuna aliyemjibu. Kwa mila za wengi wetu, mama akimwonyesha mwanawe uchi wake kwa hasira, hiyo ni laana, na hapakuhitajika mtu wa kutueleza nani alikuwa amelaaniwa. Mwenzetu yule hakuhamia upinzani. Aliendelea kuivaa beji yake, ila sikumsikia tena akiwaita wafungwa wale wahaini, na wapo wengine kadhaa waliobadilika kwa kiasi hicho hicho tu. Kina mama walihamia kanisa kuu la All Saints, wakaendelea na madai yao kutoka humo kwa muda wa karibu mwaka mzima, na mapema mwaka 1993 karibu wafungwa wote walikuwa wameachiliwa.

Mama Salma (Mombasa)

Shikamoo Mwalimu. Yangu ni ya juzi tu. Mimi huuza mahamri na chai, na Mswada wa Fedha wa 2024 ulipoanza kuzungumzwa nilidhani ni mambo ya wabunge na matajiri. Mwanangu wa kike ndiye aliyeniketisha jikoni, akanifungulia simu na kunionyesha video za vijana waliokuwa wakiufafanua mswada kwa Kiswahili chepesi, kifungu baada ya kifungu: mkate kutozwa VAT ya asilimia 16, gari kutozwa asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Kodi ya mkate iliondolewa tarehe 18 Juni, siku ambayo vijana waliingia barabarani Nairobi, na nadhani walioiondoa walitumaini kwamba sisi wa vibandani tutaridhika. Walichelewa, kwa maana tulikuwa tumeshazoea kuuliza kurasa nyingine zinasema nini.

Walipopita mtaani kwetu walikuwa na bendera, filimbi, matawi ya miti na chupa za maji. Binti mmoja alinijia kwa adabu, "Mama, samahani, naomba unijazie chupa," na nilipomjazia akauliza ni shilingi ngapi. Mume wangu, ambaye kwa wiki nzima alikuwa akiwaita watoto wa mitandao, ndiye aliyemjibu kwamba maji hayauzwi. Sasa fikirieni jamaa huyo huyo jioni ya tarehe 25, akitazama kwenye runinga Bunge likiwaka na vijana wamelala barabarani wamepigwa risasi. Alihuzunika kwa yote mawili, lakini alichokitaja kitandani ni wale vijana. Siku iliyofuata Rais alitangaza kwamba hatautia saini mswada.

Fundi Simu (Nairobi)

Nimewasoma kwa heshima, lakini ruhusuni niseme lisilopendeza. Mtaa wangu wa katikati ya jiji ulikuwa upande wa vijana kabisa tarehe 17 Juni 2025, polisi walipompiga risasi kichwani mchuuzi wa barakoa, kwa karibu, huku kamera zikirekodi. Alikuwa akitafuta riziki kama sisi, na hata wale waliozoea kulalamika kwamba maandamano yanaharibu biashara walinyamaza kwa aibu. Siku nane baadaye, katika kumbukumbu ya mwaka mmoja wa waliouawa, maduka mengi ya jijini yalivunjwa, na langu likiwamo. Najua walioandamana siyo walioiba, na nimesikia ya wahuni waliokodishwa nikayaamini, ila kujua huko hakukunirudishia mali ya wateja wangu. Jirani yangu, aliyekuwa akiwagawia vijana maji mwaka uliotangulia, siku hizi akisikia filimbi huanza kutafuta kufuli.

Bahati (Goma)

Salamu kutoka Kivu, mashariki mwa Kongo. Hapa vijana wa LUCHA, vuguvugu lililoanza mwaka 2012, walianza na madai ya maji ya bomba na kazi. Mji umekaa kando ya ziwa, na bado watoto hubeba bidoni za maji. Polisi walipofika, vijana walikuwa wakikaa chini. Baba yangu aliona ni upuuzi, maana katika nchi yenye bunduki nyingi kiasi hiki alidhani asiye na bunduki hasikilizwi. Februari 2016 vijana 6 walikamatwa alfajiri wakitengeneza mabango, wakahukumiwa miaka 2, na rufaa ikaipunguza kuwa miezi 6. Baba alirudia mara kadhaa, "Kwa kuandika kwenye kitambaa?" Tangu hapo hakunikataza tena kwenda.

Mwalimu Mstaafu

Pole sana, Fundi. Wakirudi barabarani, ni jambo gani lingekufanya usimame nao tena?

Fundi Simu

Asante, Mwalimu. Watangaze njia watakayopita mapema, wawe na watu wao wenye fulana za rangi moja wanaotembea pembeni karibu na milango yetu, na wamalize saa tisa, kabla wezi hawajapata giza. Hayo yakitimia, nitafungua.