Kuhamisha kanda za VHS na Video8 kwenda kwenye kompyuta kwa kutumia kamera ya MiniDV

Mwanakanda aliuliza:

Wanajukwaa, salaam. Ninaomba msaada wa kuhamisha kanda za familia kwenda kwenye kompyuta kabla hazijachakaa zaidi. Ninazo kanda 14 za VHS na 6 za Video8 (zile kanda ndogo za kamera), zilizorekodiwa kati ya mwaka 1988 na 1997, na katika mojawapo imo sauti ya marehemu bibi yangu akisimulia habari za ukoo wetu. Hatuna rekodi nyingine yake popote, ndiyo maana sitaki kubahatisha.

Deki yangu ya VHS bado inacheza vizuri, lakini kamera iliyorekodi zile za Video8 ilikufa zamani. Nilianza na kifaa kidogo cha kunasa video kinachochomekwa kwenye USB. Dakika za mwanzo zilitoka salama, kisha sauti ikaanza kuachana na picha, na kila kanda ilipofika mahali pabovu picha iliganda. Ndugu mmoja akanishauri nitumie kamera yangu ya MiniDV, inayorekodi video ya kidijitali (DV) kwenye kanda ndogo, iwe daraja kati ya deki na kompyuta. Nimeiunganisha kwa waya wake wa USB, lakini kompyuta inaonyesha picha za mnato zilizomo kwenye kadi, basi. Ninakosea wapi, na je, njia hii ina manufaa kuliko kile kifaa?

FundiDeki alijibu:

Ndugu Mwanakanda, aliyekushauri amekushauri vyema. Umechomeka waya kwenye tundu lisilohusika tu. Katika kamera nyingi za MiniDV, USB iliwekwa kwa ajili ya picha za mnato au video hafifu, ilhali video kamili hutoka kwenye tundu dogo la pini 4 lililoandikwa DV au i.LINK. Hilo ndilo FireWire, njia ya kusafirisha data iliyo tofauti na USB, nalo linahitaji kompyuta yenye tundu la aina hiyo. Kompyuta ya mezani inaweza kuongezewa kadi yake. Usinunue adapta inayodai kugeuza USB kuwa FireWire kwa kubadilisha umbo la pini, kwa kuwa mifumo hii miwili husafirisha data kwa namna tofauti kabisa.

Sababu ya sauti kuachana na picha ni hii. Kanda ya zamani haitoi mawimbi yenye mwendo thabiti: utepe umevutika, mota ya deki huyumba kidogo, na mahali palipochakaa hupotea zile alama zinazoonyesha picha mpya inaanzia wapi. Vifaa vingi vya USB vikizikosa huangusha picha kadhaa, huku sauti ikiendelea kuhesabiwa kwa saa yake yenyewe, kwa hiyo pengo hukua kadiri kanda inavyoendelea. Kamera ya DV hugeuza picha na sauti kwa pamoja na kuzipeleka katika mkondo mmoja, kila picha ikiwa na kipande chake cha sauti, na kazi ya kompyuta hubaki kupokea na kuandika.

Unganisha waya wa njano wa picha, pamoja na mwekundu na mweupe za sauti, kutoka sehemu ya kutolea ya deki hadi tundu la AV la kamera, kisha waya wa DV utoke kwenye kamera hadi kompyuta. Fanya hivyo vyombo vyote vikiwa vimezimwa, kwa sababu tundu la FireWire la pini 6 hubeba umeme, na nimeona matundu yaliyoungua kwa kuchomekwa waya kinyume. Toa kanda yoyote iliyomo ndani ya kamera, iweke katika hali ya kuchezea, usitegemee betri, halafu tafuta kwenye menyu kipengele cha A/V → DV OUT, kinachopitisha video ya deki moja kwa moja hadi tundu la DV, ukiwashe.

Kipengele hicho hakimo katika kila kamera. Nyingi zilizouzwa Ulaya zilifungwa njia ya kuingizia video, kwa kuwa zikiwa nayo zilitozwa ushuru wa juu zaidi. Ikiwa yako haipitishi moja kwa moja lakini inakubali kurekodi kutoka nje, rekodi kwanza kwenye kanda ya MiniDV, kisha icheze kwenda kwenye kompyuta. Utatumia muda mara mbili, ila ubora ni uleule.

Kasha8 alijibu:

Naongeza kuhusu zile 6 za Video8. Hakuna adapta ya kuzitia kwenye deki ya VHS. Ile ambayo watu huifikiria ni ya VHS-C, ambayo ni VHS ileile katika kasha dogo. Tafuta kamera ya Digital8, mfumo ambao Sony waliutoa mwaka 1999, kwa sababu modeli zake nyingi hucheza Video8 na Hi8 (toleo bora la Video8) na kuzitoa moja kwa moja kupitia tundu la DV. Nasema nyingi, si zote, kwa hiyo soma mwongozo wa modeli husika kabla ya kununua.

Nakusihi pia uinue kifuniko cha kila kanda na kuutazama utepe kwenye mwanga. Ukiona unga mweupe, usiicheze hata kidogo: huo ni ukungu, na utahamia kwenye vichwa vya deki, kisha kwenye kanda nyingine zote. Zilizo salama, zipeleke mbele hadi mwisho na kuzirudisha mara moja ili utepe ulegee. Kanda ya bibi isiwe ya kwanza.

MkondoSafi alijibu:

Kwa heshima zote, DV hubana picha kwa takriban 5 kwa 1 na hupunguza taarifa za rangi, kwa hiyo kunasa bila kupoteza chochote ni bora zaidi kwa anayeweza kupata vifaa vyake.

FundiDeki alijibu:

Ni kweli, lakini rangi ya VHS yenyewe ni hafifu kuliko ile ambayo DV huhifadhi, na faili isiyobanwa ambayo sauti yake imeachana na picha haimsaidii mtu. Ndugu Mwanakanda, tenga nafasi ya gigabaiti 13 kwa kila saa moja, na hakikisha diski haijapangwa kwa FAT32, mfumo wa kupanga faili ambao hauruhusu faili kuzidi gigabaiti 4, yaani kama dakika 18 tu. Hifadhi faili za DV jinsi zilivyo, katika diski mbili. Nakala ndogo za kuwatumia ndugu zitengeneze baadaye, na wakati huo ndipo uondoe ile mistari ya mlalo inayoonekana mtu anapotembea.

Mwanakanda aliandika:

Ahsanteni sana. Kipengele cha A/V → DV OUT nimekikuta kwenye menyu ya kamera yangu. Nilianza na kanda ya mahafali, dakika 52, na hadi mwisho sauti na midomo vilikwenda pamoja. Kanda mbili nimezikuta na unga mweupe, nimezitenga katika mfuko wake. Ya bibi ni safi. Nimeipeleka mbele na kuirudisha, na kesho asubuhi nitaicheza.