Tenori mwepesi, wa kati au mzito: yupi wa kumfuata ukumbini?

Radames_Kamili
Wakuu, naomba tulinganishe tenori wa opera, yaani waimbaji wa kiume wa sauti ya juu, kwa jinsi wanavyosikika ukumbini, rekodi tuziweke pembeni. Kwenye rekodi fundi mitambo anaweza kumkuza mwimbaji yeyote. Ukumbini hakuna maikrofoni. Ni koo la mtu mmoja na okestra nzima mbele yake.

Kwa asiyeuzoea mgawanyo: tenori mwepesi ni wa watunzi Rossini na Donizetti, mtu wa kuimba wahusika kama Almaviva au Tonio. Wa kati, yaani liriko, ndiye Rodolfo wa La bohème ya Puccini. Spinto ni liriko mwenye msukumo wa ziada: Manrico wa Il trovatore, Cavaradossi wa Tosca, Radamès wa Aida. Mzito ni Otello wa Verdi. Wa Wagner, mtunzi Mjerumani, nao wana ulimwengu wao.

Mimi nasimama na spinto. Anaweza kukubembeleza, na dakika hiyohiyo akapanda juu ya okestra bila kupiga kelele. Chukueni "Celeste Aida", wimbo wa Radamès. Inakuja pazia likiwa limefunguliwa punde tu, koo halijapata moto, halafu Verdi anataka ile nota ya juu ya mwisho, si bemoli, iimbwe kwa sauti ndogo inayofifia. Wengi wanaifyatua kwa nguvu zote na kusubiri makofi. Tenori Franco Corelli, kwenye rekodi aliyofanya na kondakta Zubin Mehta, anaianza kwa nguvu kisha anaipunguza taratibu mpaka inakwisha. Nani mwingine anaweza hilo?

Nota_Tisa
Mkuu, spinto namheshimu, lakini anayenitoa jasho mimi ni mwepesi, kwa sababu hana pa kujificha. Okestra ya Donizetti ni nyembamba, kwa hiyo nota ikiyumba hata kidogo ukumbi mzima umesikia. Kwenye "Ah! mes amis", wimbo wa Tonio katika La fille du régiment, opera ya mwaka 1840, kuna nota ya do ya juu mara 9, na watu wanazihesabu kimoyomoyo. Pavarotti alijijengea jina Marekani kwa wimbo huo alipouimba Metropolitan, New York, mwaka 1972 pamoja na soprano Joan Sutherland. Mwaka 2007 Juan Diego Flórez aliuimba La Scala, Milano, na makofi yalipokataa kuisha akaurudia. Ukumbi ule ulikuwa haujaruhusu kurudia wimbo tangu mwaka 1933! Spinto gani amewahi kuvunja mwiko wa namna hiyo?

Radames_Kamili
Kuhesabu nota ni mchezo mzuri, ndugu yangu, ila Tonio akishamaliza zile 9 unabaki na nini moyoni?

Nota_Tisa
Unabaki na Tonio wa tendo la pili, anapomwomba Markiza, mlezi wa mpenzi wake Marie, ampe binti huyo. Ule wimbo ni wa taratibu, hauna mbwembwe, na ndipo unapojua kama Tonio wako ni mwanamuziki au ni mpiga nota tu.

Hezi3000
Niingie kwenye suala la ukubwa wa sauti, maana hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. Okestra ina nguvu nyingi karibu na hezi 500 (mitetemo ya sauti kwa sekunde), kisha nguvu hiyo inapungua kadiri unavyopanda. Mwimbaji aliyefunzwa vizuri hukusanya nguvu ya sauti yake karibu na hezi 3,000, mahali ambapo okestra imeshapungua na sikio la binadamu ni jepesi kushika. Mng'ao huo Waitaliano wanauita squillo. Mwenye nao anafika siti ya mwisho juu kabisa hata kama sauti yake si nene. Asiye nao, hata awe na kifua kipana namna gani, anamezwa.

Ndiyo maana rekodi inadanganya. Maikrofoni ikiwa karibu inakupa unene na joto la sauti, lakini haikuonyeshi kama sauti hiyo inasafiri. Nimewasikia waimbaji ambao kwenye spika ni wazito ajabu, ukumbini wakawa wanafungua mdomo tu kila tarumbeta zinapoingia. Na wepesi ambao kwenye spika wanasikika wembamba, ukumbini kila silabi inakufikia.

Kitu kimoja cha kusikiliza, awe mwepesi au mzito: daraja, yaani mahali sauti inapobadilika kwenda juu, lililo kati ya nota za mi na sol juu ya do ya katikati. Fuatilia irabu "a" inapovuka fa diyezi, nota iliyo katikati ya daraja hilo. Kwa mwimbaji mzuri inafunikwa kidogo na kuelekea "o", na mstari haukatiki. Akiiacha wazi kabisa, sauti inageuka ukelele, na akifanya hivyo jioni nzima utamsikia amechoka kabla ya tendo la mwisho.

Esultate1887
Ahsante Hezi, umenipa njia. Ukitaka kumpima tenori, mpe Otello. Hakuna aria, yaani wimbo wa peke yake, ya kupasha koo. Kuna dhoruba, kwaya na okestra vinanguruma, na yeye anatokea na "Esultate!" Mistari michache tu, juu ya kila mtu, halafu anaondoka. Verdi alikuwa na Francesco Tamagno La Scala mwaka 1887, mtu aliyejulikana kwa tarumbeta ya koo lake.

Baada yake kila mmoja ana Otello wake. Mario Del Monaco ni nguvu toka mwanzo hadi mwisho. Jon Vickers anakuonyesha mtu anayevunjika vipande mbele yako. Plácido Domingo, aliyeanza kama baritoni, sauti ya kiume iliyo chini ya tenori, ana rangi ya chini ambayo wengine hawana. Jonas Kaufmann aliuimba kwa mara ya kwanza London mwaka 2017, na aliwagawa wasikilizaji kwa sababu rangi ya sauti yake ni ya giza kuliko walivyozoea. Kwangu Vickers yuko juu ya wote, na sitabembelezwa.

MamaTosca
Vickers nakuunga mkono, mwanangu. Ila nasema na vijana: msiwasukume waimbaji kwenye uzito ambao si wao. Giuseppe Di Stefano alikuwa na liriko tamu ambayo sijui kama imerudi tena duniani, akakimbilia nyimbo nzito mapema, na sauti ikadhoofika akiwa bado kijana. Alfredo Kraus alikataa. Alibaki na wahusika wa sauti yake, Werther na Duke wa Mantua, akaimba hadi karibu na miaka 70. Hata Carlo Bergonzi, bwana wa mstari wa Verdi, alipojaribu Otello kwenye Carnegie Hall, New York, mwaka 2000 akiwa na miaka 75, hakuweza kuimaliza. Makofi yetu yana mkono katika hilo, tunawashangilia wanapojiumiza.

Do_ya_Kifua
Mama, hilo la makofi lilianza zamani. Gilbert Duprez alipoimba do ya juu kwa sauti ya kifua Paris mwaka 1837, kwenye Guillaume Tell ya Rossini, watu walipagawa. Kabla ya hapo waimbaji kama Adolphe Nourrit walizichukua nota hizo kwa sauti ya kichwani. Rossini mwenyewe hakupendezwa.

Hata do ya Manrico kwenye "Di quella pira" Verdi hakuiandika. Mwaka 2000, usiku wa kufungua msimu La Scala, kondakta Riccardo Muti alimtaka tenori Salvatore Licitra aimbe kama ilivyoandikwa, na watu wa roshani za juu wakazomea. Mimi niko upande wa Muti. Ukifuata maandishi unasikia hasira ya Manrico kwa ajili ya mama yake. Ukisubiri do, husikii kingine.

Radames_Kamili
Hapo tunaachana. Do ile imeimbwa vizazi kwa vizazi, na Manrico anayekimbilia kifo chake ana haki nayo.

Siegfried_Tendo_la_Tatu
Wote mmemsahau mwenye mzigo kuliko wote. Siegfried wa Wagner anaimba kwa saa kadhaa, anafua upanga, anaua joka, halafu mwishoni anamwamsha Brünnhilde ambaye koo lake ndiyo kwanza linaanza kazi. Ule uwiano ni wa kikatili. Bayreuth, ukumbi wa Wagner huko Ujerumani uliofunguliwa mwaka 1876, okestra imefunikwa chini ya jukwaa, kwa hiyo tenori anapata nafuu. Nyumba nyingine hana kinga hiyo. Lauritz Melchior, aliyeanza kama baritoni, ndiye kipimo mpaka leo.

Mgeni_wa_Opera
Wakubwa zangu, sijawahi kuingia ukumbini. Nianze na tenori yupi?

Hezi3000
Liriko, kwenye La bohème. Na angalia ukubwa wa nyumba: Metropolitan ina siti karibu 3,800, La Scala kama 2,000. Mwepesi msikie kwenye nyumba ndogo. Kaa juu, si chini ya roshani, maana hapo sauti inakatwa. Matangazo ya opera yanayorushwa kwenye kumbi za sinema ni mazuri kwa sura na uigizaji, lakini kule maikrofoni zinawalinganisha wote, usiyatumie kupimia koo la mtu.

MamaTosca
Na kwenye "Che gelida manina", wimbo ambao Rodolfo anamwimbia Mimì, sikiliza pale anapojitambulisha kuwa yeye ni mshairi, kabla hata ya do. Akilisema jambo hilo kama analiambia binti mmoja tu, umepata Rodolfo. Wengi wanaushusha wimbo nusu toni, wala si dhambi, Mimì hatajua.