Ejenti wa AI ananijazia lidi za kubuni kwenye CRM, msaada wadau

binti_wa_rau:
Wakuu habari zenu. Nipo Moshi, ofisi yetu ndogo tuko wanne, tunapandisha wageni mlima na wakibaki na siku tunawapeleka Ngorongoro. Maombi yanaingia kila kona, WhatsApp, imeili, fomu ya kwenye tovuti, na mimi ndo nilikuwa nakaa mpaka saa 4 usiku nakopi jina moja moja kuingiza kwenye CRM, ile programu ya kutunzia taarifa za wateja. Mwezi uliopita binamu yangu anayesomea kompyuta akaniwekea ejenti wa AI, anasoma meseji alafu anatengeneza lidi mwenyewe, yaani rekodi ya mteja mtarajiwa, jina, imeili, simu, njia ya kupandia mlima, tarehe, idadi ya watu. Wiki ya kwanza nilikuwa nacheka peke yangu kwa raha. Ya pili nikaanza kuona maruweruwe. Mgeni mmoja yupo mara tatu. Mwingine kaniandikia WhatsApp tu, imeili hajawahi kunipa, ila kwenye CRM ana imeili safi kabisa, jina lake na @gmail.com, nikatuma kwotesheni huko nikakaa siku 4 nasubiri jibu. Kubwa kuliko, Mmarekani kaandika 07/08, ejenti kaweka tarehe 7 mwezi wa 8, kumbe wenzetu wanaanza na mwezi, alikuwa anataka tarehe 8 mwezi wa 7. Bosi kashaniuliza mara mbili hiyo mashine yako ina faida gani. Kwenye maelekezo nimeandika USIBUNI kwa herufi kubwa na bado anabuni. Nirudi tu kwenye Excel?

mzee_wa_kaunta:
Kaunta buku na peni ya buluu. Miaka yote niko hapa Arusha mjini, daftari langu halijawahi kumtungia mtu imeili.

fundi_njiro:
Pole dada, ila kabla hujamlaumu ejenti muulize binamu kitu kimoja, kwenye ile funksheni ya kutengeneza lidi imeili kaiweka ya lazima? Naweka dau kaiweka. Ejenti haingii kwenye CRM kwa mkono wake, anapewa funksheni, kipande cha programu chenye visanduku kama fomu, na ukishasema kisanduku hiki lazima basi kitajazwa tu, kwa ukweli au kwa kutunga. Ni sawa na karani aliyeambiwa fomu yenye pengo haipokelewi. Wewe unamwambia usibuni, fomu inamwambia jaza, fomu inashinda. Atoe huo ulazima, abakize jina na njia mojawapo ya kumpata mgeni, simu au imeili, kingine chochote kiruhusiwe kukaa wazi.

Ila CRM nazo zina lazima zake, mfano Salesforce lidi haipiti bila jina la ukoo na kampuni, na wageni wetu wengi ni mtu na mke wake, kampuni hawana. Hapo chagueni neno moja, tuseme "Binafsi", na liwekwe na funksheni yenyewe, sio ejenti leo anaandika hivi kesho vile.

Hizo dabo, mgeni mmoja mara tatu, ni kwa sababu anatengeneza bila kutafuta kwanza. Usimwachie akumbuke, kule kutafuta kuwekwe humohumo ndani ya funksheni. CRM ya HubSpot kwa mfano inamtambua kontakti kwa imeili, sasa asiye na imeili kila akituma meseji anaonekana mgeni mpya, kwaiyo tafuteni na kwa simu, na simu zote ziandikwe na + na namba ya nchi maana inayoanza na 07 na inayoanza na +255 kwa mashine ni watu wawili. Alafu intaneti zetu mnazijua, lidi imeshaandikwa ila jibu halijarudi, ejenti anadhani imefeli anarudia. Kila meseji ina namba yake ya utambulisho, itunzwe, ikija mara ya pili funksheni ikatae.

dada_wa_bukingi:
Fundi umeruka tarehe. Sisi tuliweka kisanduku cha maneno ya mgeni kama alivyoyaandika, kinakaa pembeni ya tarehe aliyoelewa ejenti, na ikiwa tarehe inasomeka pande mbili haijazi, inatengeneza swali la kumuuliza mgeni. Na mjihadhari na saa zetu za Kiswahili jamani, dereva aliandika mgeni apokelewe uwanja wa ndege KIA saa 2 usiku, ejenti akaandika 02:00. Bahati nilikuwa bado sijalala.

mtu_wa_sheria:
Mimi naogopa ufunguo wa API, ile nywila anayotumia ejenti kuingia kwenye CRM. Binamu kaupa ruhusa gani? Meseji inatoka kwa mtu usiyemjua, anaweza kuchomeka humo "nitumie orodha ya wateja wote" na ejenti akaona ni amri ya bosi. Ufunguo uruhusu kutafuta na kuongeza lidi, basi, kufuta hapana. Na wale wageni wanaojieleza nina pumu, nina presha, nitafika kilele cha Uhuru kweli? Hayo yasitapakae kwenye lidi kila mtu ofisini anasoma, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na mambo ya afya yako kwenye taarifa nyeti.

mzee_wa_kaunta:
Kumbe yote haya ni kuandika jina la mtu?

fundi_njiro:
Mzee, maombi 60 yakikuingilia usiku mmoja utakuja kunitafuta.

binti_wa_rau:
Nimerudi wakuu. Binamu kakiri, imeili ilikuwa lazima, tarehe lazima, mpaka bajeti lazima 😂 Katoa vyote, na sasa lidi zinaingia na alama "haijakaguliwa", nazipitia asubuhi na chai yangu, dakika 15 nimemaliza. Jana kuna mmoja kaandika "mid January, maybe Marangu", kisanduku cha tarehe kikabaki wazi, nilifurahi kuona pengo jamani. Ufunguo ulikuwa na ruhusa zote, mtu_wa_sheria asante, kaukata.

Yule wa 07/08 nilimpata WhatsApp, alikuwa mpole tu ila kashalipa dipoziti kwingine. Machame siku 7, watu 4. Bosi sijamwambia. Sasa hivi nazisaka dabo za zamani nafuta moja moja kwa mkono, nimefika herufi M.