Msaada: majina ya funguo za gari kwenye kaunta ya spea, kila mtu anaita anavyojua

Mgeni_wa_Funguo:
Wakuu, heshima mbele. Nimehamishiwa kitengo cha funguo kwenye duka la spea, nikitokea upande wa breki na shokapu. Kule mtu akitaja brekipedi za mbele tunaelewana. Huku mteja anapiga simu anataka "rimoti", ukimtolea rimoti anasema siyo hiyo, yeye anataka ufunguo wenye vitufe. Mwingine anasema "smati kii" kumbe gari lake linawashwa kwa kuzungusha swichi. Msambazaji naye ana blanki, kasha, ufunguo wa chipu na ufunguo kamili, na kwenye picha vyote vinafanana.

Naomba majina wanayotumia watu wa kazi, pamoja na maswali ya kumuuliza mteja kabla sijaagiza. Natanguliza shukrani.

Mchonga_Meno:
Mkuu, achana na umbo kwanza. Ufunguo wa gari una kazi tatu. Chuma kinazungusha kitasa, chipu inajitambulisha kwa gari ili injini ikubali kuwaka, rimoti inafungua milango kwa mawimbi. Ukijua gari linataka zipi kati ya hizo, jina linakuja lenyewe.

Chuma peke yake ni ufunguo wa kawaida, wa magari ya zamani. Chuma na chipu bila kitufe chochote ni ufunguo wa chipu. Huu ndio unaosumbua, maana kwa macho ni kama ule wa kawaida. Vikikaa vyote vitatu kwenye kichwa kimoja, huo ni ufunguo wa rimoti. Ukiwa wa kukunja, hilo ni umbo tu, andika "wa rimoti, wa kukunja". Neno "rimoti" likisimama peke yake libaki kwa kile kidude cha kufungulia milango ambacho hakina chuma cha kuwashia.

Smati kii haichomekwi popote. Gari linaitambua ikiwa karibu, dereva anabonyeza kitufe. Ndani yake huwa kuna kifunguo cha dharura cha mlango, na kinauzwa peke yake, kwa hiyo mteja anayetaka "chuma cha smati kii" anajua anachosema.

Blanki ni ufunguo ambao haujachongwa. Usiishie hapo, uliza blanki hiyo ina chipu au haina. Kasha ni plastiki na mpira wa vitufe tu, ndani hamna kitu. Hilo liandike kwenye risiti kwa maneno kamili, "kasha tupu, halina chipu wala saketi", kwa sababu ugomvi mwingi wa kaunta hii unaanzia hapo.

Spea_Kila_Siku:
Naunga mkono, ila kwenye chipu ongeza umakini. Chipu ya ufunguo wa kuchomeka kwa kawaida haitegemei betri. Inapata nguvu kutoka kwenye koili iliyozunguka swichi. Mteja akikwambia "betri ya ufunguo imekufa ndiyo maana gari haliwaki", usimuuzie betri ukadhani umemaliza. Betri ile ni ya vitufe vya milango.

Halafu chipu haziingiliani. Chukua ufunguo wa Toyota, angalia shingoni, pale chuma kinapoingia kwenye plastiki. Kwenye matoleo mengi utakuta kidoti, au herufi G, au H, imegongwa kwenye chuma. Kila alama ni chipu yake. Ukimpa mwenye G ufunguo wa H, meno yatachongeka vizuri, swichi itazunguka, na injini itakataa huku taa ya usalama ikimeta kwenye dashibodi. Kwa magari ya Ulaya jua kwamba tangu 1998 magari mapya ya abiria kule yanatakiwa kuwa na imobilaiza, yaani mfumo unaozuia injini kuwaka bila chipu inayotambulika, kwa hiyo chuma kitupu huko usikitegemee.

Mgeni_wa_Funguo:
Aisee, hiyo ya shingoni nimeiangalia sasa hivi kwenye funguo za kabatini, nimeiona G. Je, zile namba za TOY43 na HU66 ndizo aina ya chipu?

Mchonga_Meno:
Hapana, hizo ni za chuma: umbo lake, upana na mifereji yake. TOY43 ina meno pembeni, TOY48 imechongwa mfereji kwenye ubapa, nazo zote ni za Toyota. HU66 ni ya familia ya Volkswagen na Audi. Ya mfereji inahitaji mashine yake, kwa hiyo muulize fundi wako kabla hujamuahidi mteja. Chuma kimoja kinaweza kubeba chipu tofauti, ndiyo maana oda inayosema "HU66" bila chipu haijakamilika.

Saketi_na_Solda:
Upande wa rimoti uliza masafa ya mawimbi yake. Nyingi za soko la Marekani ni megahazi 315, za Ulaya ni 433. Rimoti mbili zinaweza kufanana kabisa, vitufe vitatu vile vile, lakini masafa yakiwa mengine gari halisikii. Omba picha ya mbele, ya nyuma na ya saketi yenyewe, kwa sababu namba iliyochapwa pale ndiyo inayomaliza ubishi. Namba ya chesi pia. Na uliza kama bado kuna ufunguo mmoja unaofanya kazi, maana kuongeza wa pili na kuanza upya baada ya kupoteza zote ni kazi mbili tofauti kabisa.

Picha ya meno na namba ya ufunguo zitunze kama siri ya mteja. Kwa hizo mtu anaweza kuchonga nakala. Usimchongee mtu yeyote bila kuona uthibitisho kwamba gari ni lake.

Mgeni_wa_Funguo:
Nashukuru sana wakuu. La mwisho: kuna mteja ana smati kii ya mtumba, anataka tumfungie kwenye gari lake. Niipokee?

Saketi_na_Solda:
Usiipokee kabla fundi hajaisoma. Smati kii nyingi zikishaunganishwa na gari moja zinajifunga, haziwezi kusajiliwa kwenye lingine mpaka zifunguliwe, na si zote zinafunguka. Mwambie hivyo mapema, na ikishindikana auziwe mpya yenye namba ile ile ya saketi.