Kikao kimevunjika kwa kukosa mtu mmoja, na huyo mtu namwona dirishani anakunywa kahawa

Wakuu, salaam. Leo sina utani. Uzi ni mrefu, asiyependa kusoma apite kimyakimya, ila mliopo Canada kwenye vimji vidogo kaeni hapa, nyie ndio mtanielewa.

Mimi ni fundi cherehani. Niko Ontario, kamji ka watu kama elfu sita, mtaa mmoja wa maduka, maktaba, kanisa kila kona. Nakunja suruali, nabadilisha zipu za makoti, msimu wa mahafali nabana magauni. Miaka mitatu iliyopita nilifanya kosa moja: nilikwenda kwenye mkutano mkuu wa chama cha wenye maduka nikanyoosha mkono kuuliza swali. Mkutano wenye watu tisa ukiuliza swali unatoka humo ukiwa mjumbe wa bodi. Mwaka uliofuata mwenyekiti akauza duka lake la viatu akahama, waliobaki wote wakaangalia chini kama watoto wasiofanya hesabu za mwalimu, basi uenyekiti ukaniangukia.

Sasa jana. Kikao cha bajeti, saa moja usiku, chumba cha juu maktaba. Bodi ina wajumbe saba, akidi ni wanne. Tulifika watatu: mimi, mama wa duka la vitabu, na diwani tuliyewekewa na halmashauri. Dirisha la kile chumba linatazama mgahawa wa kahawa ng'ambo ya barabara. Nikachungulia. Mwenye duka la rangi, mjumbe mwenzetu, yupo pale, koti kalivua, kikombe mkononi, anachekea simu. Nikampigia. Nikaiona simu ikiwaka mkononi mwake. Akaitazama. Akailaza kifudifudi mezani, akaendelea na kahawa yake.

Saa moja na nusu diwani akasema kisheria hapa hakuna kikao. Nikaandika kwenye muhtasari "hakikufanyika kwa kukosa akidi", nikakusanya karatasi za bajeti nilizochapa kwa hela yangu, nikarudi nyumbani na boksi zima la biskuti halijaguswa.

Na bwana huyuhuyu, wiki mbili nyuma, aliingia dukani kwangu nikiwa nimepiga magoti, pini mdomoni, nampimia mteja pindo, akaanza kufoka kwamba gwaride la Santa linakaribia na mtaa hauna taa za Krismasi hata moja, "na hela zetu mnazila tu." Mteja wa watu kasimama na suruali yenye pini hajui atazame wapi.

Nitarudi kwenye hizo taa. Kwanza niwaeleze wasiojua hiki kitu, maana najua mtaniuliza "si uachane nao, chama ni hiari."

Sio hiari. Hapa panaitwa BIA, herufi tatu (Business Improvement Area, yaani eneo la kuboresha biashara), mimi nasema chama cha mtaa. Kilianza Toronto mwaka 1970, sehemu inayoitwa Bloor West Village, na ndicho cha kwanza duniani. Maduka ya pale yalikuwa yanakimbiwa: maduka makubwa yenye maegesho yake yamefunguliwa, treni ya chini ya ardhi nayo inawapitisha watu chini kwa chini badala ya mbele ya vioo vya maduka. Wakachangishana kupamba mtaa. Ila walijua tabia ya binadamu, kwamba kumi watachanga na ishirini watafaidi bure, kwa hiyo mchango ukafungwa kwenye kodi ya majengo. Halmashauri ikishapitisha sheria ndogo kwamba eneo hili ni la chama, kila jengo la biashara ndani ya mpaka linatozwa, utake usitake. Mwenye jengo na mpangaji wa fremu wote ni wanachama moja kwa moja. Kura ni moja kwa kila mwanachama, hata uwe na majengo kumi.

Kwenye karatasi ni kitu kizuri mno, nilikipenda. Hela haikimbiwi, kila mtu ana sauti, hesabu zinakaguliwa na mkaguzi wa mji wenyewe, vikao viko wazi mtu yeyote aje akae. Nilijiambia hawa wazungu wamemaliza kazi.

Tatizo sheria inamlazimisha mtu kulipa, haimlazimishi kuja. Kule Tanga kwenye kikoba cha mama yangu ukichelewa faini, usipokuja faini kubwa zaidi, na ukikosa mara tatu wanakuja kukuuliza mlangoni una nini. Kamati ya harusi, vikao sita, watu wanajaa hadi barazani, na hiyo ni hela ya harusi ya mtu mwingine! Hapa mtu analipa zaidi ya dola 400 kwa mwaka kwa chama chake mwenyewe na hajui hata kikao ni siku gani. Barua anatumiwa. Karatasi nabandika mwenyewe kwenye kioo chake.

Halafu wengi hawajui hata wanalipaje. Tozo inamwendea mwenye jengo kwenye ankara ya kodi, mwenye jengo anaisukumia kwenye pango, mpangaji anaona tu mstari mpya kwenye bili. Anauliza hii nini, anaambiwa "ya chama." Chama ni nani? Ni yule fundi cherehani. Nimeshaambiwa usoni kwamba ile mashine yangu mpya ya kufuma pindo nimenunua kwa hela ya mtaa. Wakuu, mwenyekiti halipwi hata senti. Petroli yangu, simu yangu, chapa yangu. Tulikuwa na mratibu wa kulipwa, saa kumi na tano kwa wiki, akapata kazi ya kudumu mji wa pili akaondoka masika, na tangu hapo mratibu ni mimi.

Haya, halmashauri nayo. Hapa ndipo damu inanichemka kabisa.

Kifungu cha 204 cha Sheria ya Manispaa ya Ontario ya 2001 kinasema kazi ya chama ni kutunza na kupamba mali za mji zilizo ndani ya eneo *zaidi ya* kile ambacho mji unafanya kwa gharama za wote, na kulitangaza eneo kibiashara. Zaidi ya. Yaani mji ufanye kwanza wake, sisi tuongeze juu. Hicho kifungu nimekibandika ukutani juu ya cherehani. Kwa sababu ninachokiona kila mwaka ni mji kushusha mzigo wake kidogokidogo, na sisi "zaidi ya" yetu inageuka kuwa "badala ya."

Mfano theluji. Gari la mji linapita alfajiri, linasafisha barabara vizuri, na theluji yote linaipandisha kando, tuta la kufika magotini kati ya maegesho na maduka. Mteja anaegesha, anafungua mlango, anakutana na ukuta. Bibi wa miaka themanini aruke tuta aje kuchukua sketi? Tukauliza, tukajibiwa kubeba theluji ni "huduma ya ziada", chama kinaweza kuigharimia. Ankara ya Februari ilikula hela tuliyotenga kwa soko la Jumamosi la kiangazi lote.

Na maua! Vile vikapu vinavyoning'inia kwenye nguzo, vinapendeza kwenye picha, kila mtu anavipiga selfi. Julai kikapu kinataka maji kila siku, ukiruka siku moja ya joto petunia zinalala kama mboga za jana. Mji ulikuwa na kijana wa kumwagilia Jumatatu mpaka Ijumaa. Jumamosi na Jumapili petunia ziombe dua. Kwa hiyo kiangazi kizima saa kumi na moja alfajiri mimi na pikapu ya kuazima, tangi la maji nyuma, bomba la fimbo ndefu, nguzo baada ya nguzo, vikapu arobaini na viwili, maji yanateremka kwenye mkono mpaka kwapani. Mnajua malalamiko niliyopata? Kwamba vikapu vinadondoshea watu maji kichwani.

Sitagusa sana zile fremu tupu tano za bwana mmoja anayeishi Toronto, aliyebandika magazeti kwenye vioo tangu kabla sijahamia hapa. Analipa tozo yake, hana shida na mtu. Nimemwandikia mara nne angalau turuhusiwe kuweka michoro ya watoto wa shule kwenye vioo vyake. Kimya.

Sasa taa za Krismasi. Taa zipo, ziko stoo, nimezijaribu mwenyewe sakafuni nyuma ya duka nyuzi moja moja. Nguzo ni za kampuni ya umeme, kwa hiyo hupandi na ngazi yako ya nyumbani, lazima fundi mwenye kibali na gari la ngazi. Fundi tulimpata Oktoba. Anataka nusu ya malipo mbele, ni haki yake. Hundi ya chama inahitaji sahihi mbili: ya mwenyekiti na ya mhazini. Yangu niliweka siku hiyohiyo.

Mhazini ni mwenye duka la rangi.

Nimepeleka ile hundi dukani kwake mara tatu. Mara ya kwanza yupo bize anachanganya rangi, niache. Mara ya pili ameipoteza, niandike nyingine. Mara ya tatu yupo kwenye uvuvi. Fundi akachoka kusubiri, akapeleka gari lake kwenye mji wa jirani, na sasa miti yao inawakawaka, wateja wetu wanakwenda kupiga picha kule. Na huyu ndiye aliyesimama juu ya kichwa changu akiuliza taa ziko wapi! Nilikuwa na pini nne mdomoni, pengine ndizo zilizoniokoa.

Na msidhani jana ni kikao tu kimepotea. Bajeti bodi isipoipitisha haiendi kwa wanachama, isipokwenda kwa wanachama haifiki halmashauri, na halmashauri isipoiidhinisha hatuna ruhusa ya kutumia hata dola ya mwaka ujao. Halmashauri inaweza kukata kwenye bajeti yetu, kuongeza haiwezi. Kwa hiyo sio taa za mwaka huu tena, ni maua ya Juni, ni soko, ni kila kitu, vyote vimelala kwenye kile kikombe cha kahawa.

NYONGEZA: Naona wengi mnasema jiuzulu. Nimeandika barua, iko kwenye droo na vifungo. Nikitoka wanabaki sita, na wanaokuja ni wawili. Sheria ina njia ya kukifuta chama, na kikifutwa mali na madeni vyote vinakwenda mji. Hizo nyuzi za taa nilizozijaribu sakafuni zitaishia kwenye bohari yao pamoja na makoni ya barabarani. Na wengine mnasema watu walipe tu tozo wasahau? Walikuwa wanafanya hivyo kabla yangu.

NYONGEZA 2: Mkuu uliyeuliza kama kikao kinaweza kufanyika kwa simu, ahsante, kanuni zetu za ndani nimezisoma usiku huu, zinaruhusu. Nimeita kikao kipya Alhamisi. Na nimebadilisha mahali: hatukai maktaba. Tunakaa kwenye mgahawa wa kahawa, meza ileile ya dirishani, saa moja kamili. Hundi nitakuwa nayo, na kalamu mbili endapo moja itagoma.

Kama kuna aliye kwenye bodi ya namna hii mji mwingine, njoo inbox, nataka kujua kwenu sahihi ya hundi imepangwa vipi mhazini akiingia mitini.